Kwa Wifi Mapendo, Aliyekataa Kula Kasuku

Wifi yangu,

Ninakuandikia nikiwa upande wangu wa meza. Kwenye kiti chako sikai. Kwa muda mrefu sasa kiti chako kimekuwa na mwenyewe, na leo nataka nikueleze ni nani, kwa sababu nadhani unamjua, na nadhani mimi na wewe tuna la kuzungumza.

Ila kwanza habari za nyumbani. Najua ungeniuliza nani amekula na nani hajala kabla hata hujavua viatu. Amani ameanza kuota meno, anang'ata kila anachokiona, bega langu limeisha. Mdogo wako bado anafanya shifti za usiku kule ghalani, anarudi asubuhi macho mekundu, analala mchana, tunapishana kama watu wa hoteli. Mimi nimerudi kazini kwa wazee wangu ninaowatunza. Kuna bibi mmoja pale bado anakuulizia, eti yule dada anayecheka kwa sauti kubwa yuko wapi. Nilimwambia. Kesho yake akaniuliza tena. Sasa namwambia hujambo.

Baridi imeingia hapa mtaani kwetu Toongabbie. Na nyumba, wifi, inanuka kari.

Sisemi siku ninazopika. Siku ninazopika ni halali inuke. Nasema siku ambazo jiko ni la baridi tangu jana, nafungua mlango nikitoka kazini na ile harufu inanipokea kabla ya mtu yeyote kunipokea. Nimefua mapazia. Nimefungua madirisha mpaka watoto wakapata mafua. Inatoka ndani ya blanketi la Amani, ndani ya nywele zangu, ndani ya kabati ambalo halina kitu. Mdogo wako anasema haisikii. Lakini nimemwona akisimama pale korido, akivuta pumzi, amefumba macho.

Unakumbuka siku yako ya kwanza pale kiwanda cha vyakula cha Smithfield? Uliingia humu ndani, hukusalimia, ukakaa na mkoba wako mapajani. Ukaniambia polepole, kama mtu anayeleta habari ya msiba, "Wifi, hawa watu wanakula kasuku."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ukanieleza kwamba yule mama wa Kivietinamu anayesimamia laini yenu ya kazi alipiga makofi asubuhi akatangaza kwamba leo ni kasuku siku nzima. Kasuku na kari, kasuku na wali. Na wewe ulikuwa umeshajiuliza tangu tufike nchi hii kwa nini kasuku wamejaa hivi. Kule kwetu kasuku ukimwona juu ya mti ni habari ya kwenda kusimulia. Hapa wale weupe wenye kishungi wanapasua mifuko ya takataka pale stesheni, na wale wa rangi nyingi wanapiga kelele jioni mpaka simu huisikii. "Kumbe wanafugwa," ukasema. "Ndiyo maana hawaogopi watu. Hata mbuzi haogopi watu."

Kwako haukuwa mzaha, na mimi nilipaswa kujua, nimeolewa kwenye ukoo huo. Kasuku kwenu ni mwiko. Yule babu yenu aliitwa jina lake na kasuku katikati ya msitu, akageuka nyuma, akawaona waliokuwa wanamnyemelea, akakimbia, na ndiyo maana nyinyi mpo. Anayemla anaota vidonda mdomoni na watoto wake wanakuwa mabubu. Uliniuliza kwa dhati kama uache kazi, kazi yenyewe ya siku moja.

Mdogo wako ndiye aliyekutafutia neno kwenye simu. Akakusomea: katsu. Neno la Kijapani. Ni kipande cha kuku kinachovikwa unga na chenga za mkate, kinakaangwa, kinamwagiwa mchuzi wa kari pembeni ya wali. "Ni kuku, dada. Kuku tu." Ukamsikiliza mpaka mwisho, maana ulimlea wewe na ulikuwa unapenda kumsikia akisoma. Halafu ukasema, "Tumbo halisomi. Tumbo linasikia."

Basi ukakaa kwenye ile laini ukiwavika kuku chenga za mkate, glavu mikononi, kofia ya nyavu kichwani, na hukuonja hata kimoja. Wenzako wakipewa vilivyovunjika wakala, wewe ukatoa viazi vyako. Mpaka ile Jumamosi ulipokuja na mfuko mkubwa wa chenga na ile kari yao iliyogandishwa kama chokoleti, ukaweka juu ya meza hii, ukasema umelifikiria jambo na umelimaliza. "Nimembatiza. Kuanzia leo anaitwa kuku mwenye koti."

Na kweli ukamla. Ulifumba macho kwa tonge la kwanza. Sisi wote tukakuangalia mdomo. Ukatafuna, ukameza, ukafungua jicho moja, ukasema, "Koti limemkaa vizuri."

Tangu hapo Jumamosi ya nyumba hii ikawa na jina. Ukanifundisha ile namna yenu ya kiwandani, mkono mmoja mkavu na mkono mmoja wa maji. Wa kulia unashika unga na chenga, wa kushoto unashika yai, na haivuki mpaka, la sivyo unajivika koti wewe mwenyewe kwenye vidole. Ulikuwa unasema haya ndiyo Yesu aliyoyasema, mkono wa kushoto usijue afanyalo wa kuume, kumbe alikuwa anafundisha watu kukaanga kuku. Wali wa Kijapani ndio ulikataa kata kata. Nilinunua mara moja, ukautazama kwenye sufuria ukasema wali unaoshikana mikono hivi ni wali ulioshindwa kazi. Ukapika wetu, wa nazi kidogo, kila punje kivyake.

Mwanangu Riziki akisimama juu ya kile kigoda cha plastiki akikuangalia. Hukumruhusu kugusa yai. Alikuwa anakuangalia tu. Hatukujua anavyoangalia.

Asubuhi ile, wifi.

Nilikuwa jikoni, Amani mkononi. Riziki akatoka chumbani kwenu na nguo zake za kulalia, akaniambia kwa Kiingereza kwamba Shangazi hataki kuamka. Nikamwambia muache, leo hana shifti. Akasema lakini mkono wake ni baridi, nimempa blanketi langu.

Hapo siendelei. Wewe ulikuwepo.

Mama Josefu wa kanisani alikuja na gari akamchukua Riziki akampeleka kwake Minto kabla watu wa gari la kukubeba hawajafika. Alikaa huko mpaka tulipokuzika. Na alipouliza uko wapi, sijui nani alianza, labda Mama Josefu, labda mimi kwenye simu, tukamwambia Shangazi yuko kazini. Kwetu mtoto anaambiwa marehemu amesafiri. Lakini huyu anajua safari, safari ni masanduku na uwanja wa ndege. Kazini ilikuwa rahisi. Maisha yake yote aliamka akakuta kitanda chako kimetandikwa na wewe umeshakwenda na basi la alfajiri. Hakulia. Akasema sawa.

Tulilala kwenye magodoro sebuleni, watu wakaja wakaimba, wakapika, wakaosha vyombo, wakaondoka. Na Jumamosi iliyofuata nikasema acha nipike kile chakula chake, nyumba isikie iko hai.

Nilikuwa napondaponda vidari kwa chupa. Riziki akaja, akavuta kigoda, akanawa mikono bila kuambiwa. Wa kulia ndani ya unga. Wa kushoto ndani ya yai. Haikuvuka mpaka. Kidole kidogo hakikuwa na chenga hata moja, wifi, mimi mwenyewe bado najivika koti mpaka kwenye viwiko. Nikapakua. Akapanda kwenye kiti chako, mgongo kwa dirisha, akakunja mguu mmoja chini yake kama unavyokaa wewe. Na yule mtoto, ambaye tangu ajue kusema namgombeza kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, akaniangalia akasema, "Keti, wifi. Miguu si mali ya serikali."

Kijiko kilinitoka.

Sauti ilikuwa yake, ya mtoto wa miaka minne. Lakini lile neno, wifi, alilivuta pale mwisho kama unavyolivuta. Hakuna mtu mwingine duniani anayelivuta hivyo. Nikacheka. Halafu nikagundua nimesimama ukutani.

Mdogo wako alitoka chumbani akijikuna kichwa. Mtoto akamgeukia. "Kibonge, umekula?" Jina hilo ulimwita wewe tu, hata mimi mkewe sijawahi kuruhusiwa kulitamka. Alipitiliza mpaka kibarazani, akasimama kwenye nguo zilizoanikwa, akavuta shuka bichi akajifunika uso nalo. Akakaa hivyo.

Nilidhani ni mara moja. Watoto huiga. Lakini ikawa kila siku. Nikimwita Riziki anaangalia nyuma yake kuona anaitwa nani. Chekechea, mwalimu wake akanieleza akicheka kwamba siku hizi anawafuta wenzake kamasi, anawapangia viti, na akiitwa jina lake anasema siye. Mwalimu aliona ni utamu. Mimi nilimshukuru nikaenda kukaa kwenye gari.

Na asubuhi. Natoka bafuni namkuta amesimama mlangoni pa chumba chenu, mkono kwenye kitasa, ananiwekea kidole mdomoni. "Riziki amelala. Usimwamshe."

Ulikuwa unasema hivyohivyo, mkono kwenye kitasa hichohicho, ukitoka kwenda kazini. Nalijua. Lakini wewe ulipokuwa unasema, ndani ya chumba kulikuwa na mtoto. Sasa nilikuwa nachungulia ndani na kitanda ni kitupu, na anayesema ndiye huyo mtoto, na nikabaki najiuliza Riziki amelala wapi.

Nilimweleza Mama Josefu baada ya ibada. Nilidhani atanipa dawa ya moyo, akanipa hukumu. Eti ni kile chakula. Eti chakula cha mataifa mengine kina mlango, na wewe umeingilia hapo. Akataka kuleta wanamaombi wakae na mtoto siku nzima, wamfungishe na kumkemea. Nikamwambia mtoto wa miaka minne hafungi, na kuku ni kuku. Akanitazama vile anavyotazama.

Baba mkubwa wenu naye akapiga simu kutoka kambi ya wakimbizi. Yeye hakusema pepo. Alisema jina. Mwenye jina ameondoka bila kumwachia mtu, sasa jina limemfuata mtoto wa nyumba, nyinyi mnashangaa nini? Siku ya kumaliza matanga mumwogeshe, mumwite Mapendo, na hilo lingine mliache. Akitajwa hivyo, marehemu atatulia na mtoto atatulia. Mdogo wako akaitikia ndiyo, ndiyo, baba. Matanga ni Jumapili hii.

Nilimwambia sitaki. Nikamwambia Riziki nilimpa jina mimi, siku ambayo hatukuwa na kitu na yeye akaja. Akaniambia, "Tukimpa jina, dada atapumzika." Lakini nilimwona macho. Hakutaka upumzike. Alitaka ubaki. Tumpe jina ili uwe na mahali pa kukaa.

Ningemlaumu kwa sauti kubwa, wifi, kama nami nisingekuwa nataka hilohilo.

Ngoja nikwambie. Niligundua kwamba maneno yako yanakuja mafuta yakianza kuchemka. Ile sauti ya kuku akiingia kwenye mafuta, na mtoto anabadilika. Basi nikaanza kupika Jumatano pia. Nikawa naongeza kari. Nakaa hapa mkabala naye, namuuliza, wifi, Amani ana homa ya meno, nifanyeje? Na ananijibu. "Mbebe mgongoni, tembea naye, wewe una haraka ya kwenda wapi?" Hayo ni maneno yako kabisa. Nilikuwa natoka kazini nikiwa nimebeba wazee mchana kutwa, na naendesha kwa haraka nifike nyumbani niitwe wifi. Katika mji huu mzima nani mwingine ananiita hivyo? Kazini mimi ni jina la kwanza kwenye beji, wanalikosea. Kanisani mimi ni mama wa fulani. Ulikuwa wewe tu. Mtu anaweza kuishi bila kuitwa wifi, hilo si ugonjwa, lakini sikuwa tayari.

Kilichonizindua ni suruali. Suruali ya Riziki ya chekechea ilimvuka kiunoni alipokuwa anapanda ngazi, akaishika kwa mkono mmoja akaendelea kupanda. Nikamnyanyua. Mwepesi.

Ndipo nikaanza kuangalia anavyokula, na hakuwa anakula. Anapakua. Anampa baba yake kipande kikubwa, ananipa mimi, anamwagia mchuzi pembeni ili koti lisilowe, halafu anaweka kidevu kwenye kiganja anatuangalia. Nikimuuliza anasema, "Mimi nitakula baadaye." Si ndivyo ulivyokuwa? Miaka yote hatukukuona ukila wa kwanza. Lakini wewe, mwenzangu, ulikuwa mtu mzima, ulikuwa na akiba mwilini. Huyu ana miaka minne.

Hapo nikakukasirikia. Niliingia chumbani kwenu nikakusema kwa sauti, mchana kweupe, jirani wa chini akasikia bila shaka. Nikasema, Mapendo, toka kwa mwanangu. Sikusema wifi. Nikasema Mapendo. Hakukuwa na kitu, ila ile harufu.

Jumamosi hii iliyopita nikapika. Nilisema napika mara ya mwisho kwa namna hii. Mdogo wako alikuwa amelala. Amani nilimweka sakafuni na vifuniko vya sufuria. Kasuku wale weupe walikuwa juu ya waya nje wakipiga yowe, wewe ulikuwa ukiwapita unawaamkia shikamoo, watu wa stesheni wakikushangaa. Riziki akapakua, akapanda kwenye kiti, akakunja mguu.

"Keti, wifi."

Nikabaki nimesimama. Nikamwambia, "Mimi si wifi yako. Mimi ni mama yako."

Akasema, "Riziki amelala."

"Mwamshe."

Akaniangalia. Nilijua ni mtoto wangu na sikujua. Nilisubiri uniangalie wewe kutoka pale. Nikashika ukingo wa meza. Nikasema tena, taratibu, kama ninavyosema na wazee wanaokataa dawa. "Mwamshe. Namtaka mwanangu."

Akaushusha mguu aliokuwa ameukunja. Halafu akanong'ona, kwa Kiingereza, akatazama mlangoni kama mtu anayeogopa kusikiwa. Alisema hawezi. Alisema Riziki akija, nani atakaa hapa? Kiti kitakuwa kitupu. Shangazi akirudi kutoka kazini atakuta watu wamesahau anavyosema, na watu wakisahau ataona si kwake, ataondoka. Lazima mtu awe Shangazi mpaka Shangazi arudi. Na yeye ndiye anayejua yote.

Wifi, alikuwa anakushikia zamu.

Halafu akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa nalo siku zote. Alishuka kwenye kiti akanishika mkono mpaka mlangoni, akanionyesha viatu vyako vyeupe vya kiwandani, ambavyo hakuna kati yetu aliyethubutu kuviondoa. Akauliza kwa nini ulikwenda kazini bila viatu.

Nilikaa sakafuni pale mlangoni nikampakata. Nilikuwa na maneno mengi mazuri, ya kanisani, ya kwetu, amelala, ameitwa, amesafiri. Yote nikayaacha. Nikamwambia, "Shangazi alikufa. Ile asubuhi uliyomfunika na blanketi lako, alikuwa ameshakufa. Hayuko kazini. Harudi."

Akaniuliza kama nilijaribu kumwamsha.

Nikasema ndiyo.

Akauliza kama nilijaribu kwa sauti kubwa.

Nikasema ndiyo, mama. Kwa sauti kubwa sana.

Ndipo akalia. Mdomo wazi, kamasi, miguu ikipiga sakafu, kilio cha mtoto asiye na neno la mtu mwingine mdomoni. Sikuwa nimesikia kilio hicho tangu ufe. Nilimshika mpaka mikono ikafa ganzi. Amani akalia naye kwa kumsaidia. Mdogo wako akatoka amevaa fulana kinyume, akatukuta hapo, akakaa chini akatukusanya wote watatu. Chakula kikapoa. Baada ya muda mrefu Riziki akavuta pumzi ile ya kukatika katika, akasema kwa Kiingereza kwamba ana njaa. Sijawahi kukipenda Kiingereza kama siku ile. Alikula wali na mchuzi mapajani kwangu, kwa mkono, akamaliza, akaomba tena. Kuku alimbandua koti akala koti peke yake.

Jioni mdogo wako akampigia baba mkubwa. Nilikuwa naosha vyombo, nikamsikia. Alikuwa na heshima, alisema shikamoo zake zote. Halafu akasema, "Baba, mtoto ana jina lake." Kule upande wa pili kukawa na maneno mengi, yeye akawa anaitikia naam, naam. Alipokata simu akaniambia Jumapili tutasali tu, tutakula, na watu watakwenda makwao. Mama Josefu amenuna. Atanuna mpaka Krismasi halafu atakuja na maandazi, si unamjua.

Kwa hiyo hivyo ndivyo tulivyo.

Tangu Jumamosi mtoto hajalivuta lile neno. Ananiita Mamii, ananijibu kwa Kiingereza, anagombana na mdogo wake juu ya vifuniko vya sufuria. Anakula. Usiku amehamia kitandani kwetu na miguu yake ya baridi. Kila kitu ni kama nilivyokitaka. Na nyumba imekuwa kimya mpaka naogopa. Tulikuzika wakati wa joto, wifi, nilitupa udongo kwa mkono wangu, lakini ndani ya nyumba hii umekufa Jumamosi. Ni mimi niliyesema neno lenyewe.

Harufu bado ipo. Hiyo sikufukuzi nayo. Kaa nayo huko koridoni kama unataka, mdogo wako anaihitaji.

Lakini kwa mtoto usirudi. Nakuomba kwa upendo wote na nakukataza kwa upendo huohuo. Najua hukumwingia kwa ubaya, labda hukumwingia kabisa, labda ni sisi tuliomfungulia mlango kwa uongo wetu halafu tukakaa kumsikiliza. Vyovyote ilivyo, mlango nimeufunga. Yeye ana kazi yake, kazi ya kuwa na miaka minne, na ni kazi kubwa.

Jumapili baada ya sala nitamleta hapo ulipolala, apaone, ajue kuna mahali na mahali penyewe ni pako. Atasema anachotaka kwa lugha anayotaka. Usimcheke.

Na hii ndiyo ahadi yangu. Atakujua. Nitamweleza kwa mdomo wangu mwenyewe, kidogo kidogo, kila akiuliza, jinsi ulivyomlea baba yake, jinsi ulivyotuwekea wote chakula ukala wa mwisho, na kwamba hiyo ya kula mwisho haikuwa sawa na hatamfuata mtu kwenye hiyo. Ukisikia nimekosea, ukiwa na neno unalotaka lisemwe humu ndani, njoo kwangu. Mimi mgongo ninao. Nimebeba wazee wa watu, nitakubeba na wewe.

Lala sasa. Hakuna anayekusubiri urudi kutoka kazini.

Ni mimi,
Mama Riziki